Linux haina shida mpaka mtu aje na flashi yake

Mwaka wa tatu sasa natumia Linux, yaani mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, kwenye steshenari yangu hapa Morogoro. Siyo kwa majaribio, ndo mashine ya kazi, nafungua nayo duka asubuhi nafunga nayo jioni, na haupiti mwezi bila mtu kuniuliza kama na yeye ahamie. Zamani nilikuwa namjibu ndiyo hata swali hajalimaliza. Siku hizi nampa kiti kwanza halafu namuuliza, kazi yako ukishaimaliza unamkabidhi nani?

Maana nimekuja kugundua kitu ambacho natamani kuna mtu angeniambia mapema. Mkiwa wawili tu, wewe na Linux yako, mambo ni shwari kabisa, unataipu, unaperuzi, unasikiliza miziki yako, mashine haigandi na wala haikulazimishi kuwasha upya ukiwa katikati ya kazi. Kasheshe inaanzia mlangoni, pale kazi yako inapotakiwa iende kwa mtu mwingine au ya mtu mwingine iingie kwako. Na steshenari ndo mlango wenyewe, kutwa nzima watu wanaingia na flashi wanatoka na karatasi. Kwa hiyo haya maumivu ya Linux mimi nimeyaonja karibu yote na nimeona niyaandike kama yalivyo. Siikandii, naipenda sana, ila wengi wanaoisifia wanaacha nusu ya habari na anayekuja kuumia ni yule aliyewaamini.

Nianze na kwa nini nilihamia, ni virusi. Aliyewahi kukaa steshenari ya karibu na chuo anajua ninachosema. Mwanafunzi anakuja na flashi, unaichomeka, folda zote zimegeuka shotikati, anabonyeza haifunguki, mikono inaanza kumtetemeka kwa sababu ripoti ya field iko humo na kesho ndo siku ya kukusanya. Kumbe mafaili hayajafutika, kirusi kimeficha folda zenyewe kikaweka shotikati zake zenye majina yaleyale, na ukishabonyeza kinahamia kwenye mashine yako, halafu kila flashi itakayochomekwa baada ya hapo inaondoka nacho. Yaani nilikuwa nauambukiza mtaa mzima na pesa napokea. Kwenye Linux ile flashi inafunguka na folda zote zinaonekana hapohapo, kwa sababu alama ya kuficha ya Windows Linux haiifuati, na kirusi chenyewe hakina pa kushika kwa kuwa kimetengenezwa kwa ajili ya Windows. Nimewaokolea watu ripoti nyingi kwa njia hiyo, kuna wengine wanatoka vyuo vya mbali wameelekezwa tu "nenda kwa yule kaka".

Sababu ya pili ilikuja kujionyesha baadaye. Laptopu yangu ni ya mtumba, Intel kizazi cha nne, RAM GB 8. Windows 10 imeacha kupewa matunzo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0, ambayo ni chipu ya usalama, na kwa upande wa Intel kuanzia kizazi cha nane. Mashine ni nzima, inafanya kazi kila siku, ila kwa hesabu za wenyewe imeshakufa. Kwenye Linux Mint, ndo aina ya Linux ninayotumia, inakimbia vizuri tu.

Sasa tuje kwenye kero.

Siku ya kwanza kabisa waifai haikuonekana. Chipu yake ni ya kampuni moja ambayo programu yake ya ndani haikuachiwa wazi, kwa hiyo draiva, yaani programu ya kuifanya mashine iielewe hiyo chipu, haimo kwenye flashi ya kuwekea Linux, inabidi ishushwe kutoka intaneti, na intaneti haipo kwa sababu draiva haipo. Nilizunguka na hilo jioni nzima mpaka nikakaribia kurudisha Windows. Tiba yake ni nyepesi mno na naiandika hapa ili isimpotezee mtu mwingine jioni yake: chukua simu ya Android, ichomeke kwa waya wa USB, ingia kwenye setingi za simu uwashe kushea intaneti kwa USB. Linux inaipokea palepale bila kuuliza kitu, unafungua kidirisha cha draiva, unachagua ile ya waifai, unawasha upya. Dakika kumi. Ila huo ujanja lazima uwe umeambiwa na mtu, mwenyewe utaujulia wapi?

Flashi ndo imeniumiza kuliko vyote.

Alikuja dogo mmoja wa mwaka wa tatu, asubuhi, anawahi presentesheni. Video yake ya field tulikuwa tumeipunguza ukubwa jana yake ikabaki kwenye mashine yangu, MB mia nne na ushee. Nikaikopi kwenda kwenye flashi yake. Kile kimstari cha kukopi kikakimbia, sekunde tatu nne hivi, kikafika mwisho, kidirisha kikajifunga chenyewe. Nikamwambia tayari mdogo wangu. Akachomoa, akanipa buku, akatoka mbio.

Akarudi baada ya saa moja na kitu. Hakuwa amekasirika na hicho ndo kilichoniuma, alisimama tu pale kaunta, akaiweka flashi juu ya kioo akasema "kaka, haikufunguka, nimesimama mbele ya watu sina cha kuonyesha." Nikaichomeka. Faili lipo, jina lipo, ukubwa umeandikwa, ukilifungua picha inatokea kidogo halafu giza.

Usiku ule sikulala mpaka nimejua. Linux inapokopi kitu inakimwaga kwanza kwenye RAM, halafu inakiandika kwenye flashi kwa nyuma taratibu, na kile kimstari unachokitazama kinahesabu vilivyoingia kwenye RAM, siyo vilivyofika kwenye flashi. Bila kubadilisha chochote inaruhusiwa kushikilia mpaka kama asilimia 20 ya RAM iliyo wazi kabla haijalazimika kusubiri, kwa hiyo kwenye mashine ya GB 8 ile video nzima ilienea humo na nafasi ikabaki. Flashi zetu hizi za bei rahisi zinaandika MB 5 kwa sekunde, nyingine hata hazifiki, MB mia nne ni zaidi ya dakika moja. Dogo alichomoa sekunde ya kumi. Na hakukosea chochote, Windows kwa upande wa flashi imepangwa iandike moja kwa moja ili mtu akichomoa ghafla asipoteze kitu, ndo maana watu wote wamezoea kuchomoa tu. Alichomoa kama anavyochomoa kila mahali. Mimi ndiye niliyemwambia tayari, na mimi niliambiwa tayari na mashine.

Dawa ni mistari miwili kwenye faili linaloitwa /etc/sysctl.conf, mmoja ni vm.dirty_background_bytes, mwingine ni vm.dirty_bytes, wa kwanza unaupa MB 16 wa pili MB 48, kwa baiti yaani 16777216 na 50331648. Ukishaweka hivyo kimstari kinaanza kusema kweli, kinatembea kwa mwendo wa flashi yenyewe. Mistari miwili! Na mimi nauliza kwa dhati kabisa, kwa nini isiwe hivyo tangu inatoka? Jibu nimekuja kulipata mwenyewe kwa kusoma, kwamba Linux imelelewa na watu wa seva, zile kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine. Kwenye seva kushikilia data kwenye RAM ndo kunaleta kasi, na hakuna mtu anayekuja kuchomoa diski ya seva akimbilie daladala. Leo hii kompyuta zote 500 kwenye ile orodha ya kompyuta zenye nguvu kuliko zote duniani zinatumia Linux, tangu Novemba 2017 hakuna hata moja isiyotumia, na simu zote za Android ndani yake ni Linux. Imeshinda kila mahali, kwenye meza ya mtu wa kawaida tu ndo bado inayumba, na nadhani ni kwa sababu mezani ndo sehemu pekee ambapo mtu mwingine anakuja na vitu vyake na mazoea yake.

Dogo yule nilimwandikia barua kwa mwalimu wake kueleza kilichotokea, nikaisaini na mhuri wa duka. Akapewa nafasi nyingine. Mpaka leo ni mteja wangu, nashukuru Mungu.

Printa. Printa yangu ya kwanza ni leza ndogo ya nyeusi na nyeupe, zile za kila steshenari, kampuni siitaji. Iliwahi kutoa draiva ya Linux zamani halafu ikaitelekeza. Unaichomeka, inaonekana kwenye orodha, jina lake sahihi kabisa, unaagiza ukurasa wa majaribio, mashine inaandika kazi imekamilika, karatasi haitoki. Hamna kosa lolote lililoandikwa, imekamilika! Nilikaa na hilo siku nne, nafungua localhost:631 kwenye brauza, ndo ukurasa wa CUPS ambao unasimamia uprintaji kwenye Linux, naona kazi zimepangana pale kama watu wa foleni ya maji, nafuta, naanza upya. Siku ya tatu kuna mama alikuja na barua ya mwanae ya kuomba uhamisho wa shule, ukurasa mmoja tu. Akakaa kwenye benchi. Kila nikiinua kichwa ananiangalia.

"Mwanangu, bado?"

"Bado kidogo mama, samahani."

Mwisho nikamchukua nikampeleka steshenari ya jirani, wakamprintia, nikalipa mimi. Mia tano tu ile lakini kutoka na mteja wako mwenyewe kumpeleka kwa mwenzako, aliyewahi kufanya biashara anaelewa.

Nikaamua kuibakiza desktopu ya zamani yenye Windows pale kona kwa ajili ya printa peke yake. Mwaka mzima tuliishi hivyo, kazi naifanya kwenye Linux, naitoa PDF, natupia kwenye folda ya kushea, binti anayenisaidia anaprinti upande wa pili. Halafu nikabahatika kupata printa ya mtumba ya mtandao, ya aina hii mpya inayoelewa lugha ya pamoja inayoitwa IPP, ambayo haihitaji draiva ya kampuni. Nikaichomeka kwenye ruta, nikarudi kukaa kwenye kiti, nikafungua orodha ya printa nikijua naanza vita nyingine, nikaikuta imeshajiorodhesha yenyewe. Nikaagiza ukurasa. Ukatoka. Nikaagiza mwingine kwa furaha tu, ukatoka. Kwa hiyo ukitaka kuhamia Linux na una kazi ya kuprinti, usianze kuuliza Linux gani, anza na printa, tafuta yenye neno AirPrint kwenye boksi au kwenye maelezo yake, maana kwa kawaida hizo zinaelewa lugha hiyohiyo na Linux itaziona.

Kwenye nyaraka nako kuna mambo. Chuo wanataka Times New Roman, 12, nafasi moja na nusu. Linux haiji na Times New Roman kwa sababu ina mwenyewe, inakuja na Liberation Serif ambayo kila herufi imepimwa upana uleule, kwa hiyo mistari haihami na hapo hamna ugomvi. Shida ni Calibri na Cambria. Nazo zina mbadala wenye upana uleule, Carlito na Caladea, ila kama hazijawekwa basi LibreOffice, ndo programu ya kutaipia kwenye Linux, inachukua fonti yoyote iliyo karibu, na ndo utaona ripoti ya kurasa 58 imekuwa 61, jedwali limekatika katikati, ukurasa wa yaliyomo unasema sura ya nne iko 33 ukifunua unakuta marejeo ya sura ya tatu. Na mwenye ripoti hajui habari za fonti, anachojua ni kwamba aliileta nzima imetoka imevurugika.

Kuna kifurushi cha kuleta zile fonti za Microsoft, ttf-mscorefonts-installer. Nikiweka Linux kwa mtu yeyote siku hizi nakaa naye pale mpaka hiki kiishe, kwa sababu katikati inatokea skrini ya leseni ndani ya terminali, lile dirisha la kuandikia amri, na skrini yenyewe ni ya bluu na kijivu, na chini kabisa kuna neno Ok. Unabonyeza Enter, hamna. Unabonyeza na mausi, hamna. Unabonyeza O, hamna. Mimi nilidhani mashine imeganda nikaifunga ile terminali kwa nguvu, mara mbili, na ukiifunga hivyo kila programu utakayotaka kuweka baadaye inakataa mpaka uirekebishe. Kumbe unatakiwa ubonyeze Tab kwanza ile Ok iwake rangi, ndo ubonyeze Enter. Hakuna palipoandikwa. Na hizo fonti zenyewe Microsoft ilizitoa mwaka 1996 kwa ajili ya tovuti, ikaacha kuzigawa 2002, kwa hiyo Times na Arial utazipata humo lakini Calibri haimo, ilikuja baadaye.

Utaratibu wangu sasa uko hivi, ripoti inayoishia kwenye karatasi naifanya mwanzo mwisho kwenye Linux natoa PDF. Ripoti itakayorudi kwa msimamizi aandike maoni yake pembeni halafu irudi tena, ile siigusi kwenye Linux hata kwa kurekebisha nukta, inakwenda kwenye desktopu ya kona. Najua kuna watakaosema LibreOffice siku hizi inasoma docx vizuri. Inasoma vizuri, kweli, na barua za kawaida sijawahi kuona tatizo, ila digrii ya mtoto wa mtu siwezi kuifanyia majaribio.

Saa nayo, nisiisahau. Ukiwa na Windows na Linux kwenye mashine moja, ukitoka Linux ukaingia Windows saa inakuwa nyuma masaa matatu kamili. Siyo betri ya ndani imekufa kama mafundi wengi watakavyokwambia, usinunue betri. Linux inaandika kwenye saa ya ndani ya mashine muda wa dunia wa UTC, Windows inausoma kama ni muda wa hapa, na sisi Afrika Mashariki tuko mbele masaa matatu. Amri ni moja, timedatectl set-local-rtc 1, imekwisha. Mimi nilijifunza siku nilipokuwa namwombea mtu kazi mtandaoni, mwisho ni saa kumi alasiri, mashine inasema saa nane na nusu, najipa moyo muda upo, napanga vyeti vyake vizuri, kuja kutuma nakuta ukurasa umeshafungwa kwa sababu saa kumi ilishapita zamani. Nafasi ile hakuipata tena. Sitaisahau.

Na umeme. Betri ya laptopu yangu ilishachoka, umeme ukikatika inazima hapohapo. Usiku mmoja nikaacha inashusha apdeti na kuziweka, na humo ilikuwemo kerneli mpya, yaani kiini chenyewe cha Linux, umeme ukakatika. Asubuhi nawasha, badala ya kutokea ile alama ya Mint linakuja giza lenye maandishi meupe na mwisho wake neno initramfs na kimshale kinamemetameta. Basi. Wateja wanne wako kaunta. Binti ananiuliza "kaka, imeandikaje?" na mimi naona ni Kiingereza, maneno nayajua moja moja lakini hayaniambii nifanye nini. Nikapiga picha kwa simu nikaanza kutafuta mstari kwa mstari. Ilikuwa inataka niandike fsck, niache nafasi, niandike jina la kipande cha diski, irekebishe, halafu exit. Ikawaka, ila kila programu niliyotaka kuweka inagoma mpaka nikaandika sudo dpkg --configure -a imalizie ilipoishia. Hizo amri mbili nimeziandika kwa kalamu nyuma ya kalenda ya ukutani, na nawasihi mfanye hivyohivyo, kwa sababu siku utakayozihitaji mashine ya kuzitafutia ndo hiyo iliyokufa.

Hapo kwenye Kiingereza niseme kidogo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kulikuwa na mradi unaitwa Kilinux, na mwaka 2004 ukatoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. 2004! Watu wetu walikaa wakatafsiri maelfu ya maneno wakati sehemu kubwa ya nchi haijaona intaneti. Na mpaka leo ukiweka Linux utakuta kwenye orodha ya kibodi Kiswahili cha Tanzania kipo na cha Kenya kipo. Mlango huo Linux iliuacha wazi kwa yeyote, hukuhitaji kuomba ruhusa ya kampuni. Lakini ile skrini nyeusi ya asubuhi hakuna aliyeitafsiri, na pale ndo mtu anapohitaji lugha yake kuliko kwenye menyu. Kama kuna wanafunzi wa kompyuta wanasoma hapa wanatafuta kitu cha kufanyia mradi, naomba waanzie huko, ujumbe wa makosa, uandikwe ili binti wa steshenari aelewe afanye nini.

Nilikuwa najiona labda mimi ndo mgumu kuelewa, mpaka nilipoangalia video ya Linus Torvalds mwenyewe, huyu aliyeianzisha Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Agosti 2014 alikuwa kwenye mkutano wa watu wa Debian, aina mojawapo ya Linux, kule Portland, Marekani, akaulizwa kuhusu Linux ya mezani, akalalamika kuliko mimi. Ana programu yake ya wazamiaji inaitwa Subsurface, akaeleza kwamba wanatengeneza faili la kuweka la Windows na la Mac, la Linux kimsingi hawatengenezi, kwa sababu itabidi ulitengeneze upya kwa kila distro, yaani kila aina ya Linux, na kwa kila toleo la hiyo distro. Mwenye Linux! Tangu hapo zimekuja Flatpak, Snap na AppImage, njia za kufungasha programu moja iende kwenye distro zote, zikataka kulimaliza hilo, na zimesaidia kweli, ila tatizo likahamia kwenye bando. Flatpak ya kwanza tu unayoweka inavuta na vitu vyake vya kuiendeshea, mamia ya MB, hata kama programu yenyewe ni kikokotoo. Anayelipia intaneti kwa mwezi haoni tofauti. Anayejiunga bando la siku anaona sana.

Ndo maana ushauri unaoniudhi kupita wote ni ule wa "hama distro". Unasema printa haitoi, mtu anakwambia hiyo distro mbovu weka hii. Unaweka hii, mwingine anakwambia hapana, weka ile. Linux Mint peke yake ni karibu GB 3 kuishusha, hapo hujaweka apdeti, hujarudisha mafaili, hujafungua duka. Na mara nyingi tatizo lipo palepale kwa sababu draiva ni ileile. Anayetoa ushauri anamaliza kwa sentensi moja, anayeufuata anapoteza siku nzima ya kazi. Mtu akikwambia ana shida ya printa mwulize printa ya aina gani.

Mwaka jana nikabadilisha diski, nikatoa ile ya zamani nikaweka SSD, nikaanza Linux upya kabisa. Nikarudisha fonti, nikarudisha folda ya kushea, nikarekebisha saa, nikapiga picha ya mfumo kwa Timeshift ili umeme ukinifanyia tena nirudi nyuma. Mistari miwili ya flashi nikaisahau. Haikupita wiki, dada mmoja akarudi na flashi ya picha za harusi ya mdogo wake, nusu zinafunguka nusu ni kijivu tupu. Bahati picha zenyewe bado ninazo, nikamkopia upya, safari hii nikaandika sync kwenye terminali, amri ya kulazimisha kila kilichobaki kwenye RAM kiandikwe kwenye flashi, nikasubiri mpaka inirudishie kimshale, ndo nikamkabidhi kwa mikono miwili.

Kesho yake nimekuja dukani nikakuta binti ameshabandika karatasi pale kwenye matundu ya USB, kwa maker pen nyekundu, herufi kubwa, na seloteipu kila upande: USICHOMOE FLASHI, SUBIRI NIKUTOLEE MIMI. Mistari miwili nimeisharudisha, lakini karatasi nimeiacha, na sasa hivi iko ya tatu maana hizo mbili za kwanza zimechakaa.